Mellen Kwenye Jalada

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Ripoti imerudi tena kutoka Homa Bay. Daktari Mochama hataki jalada la roboti nililomchorea — na ni yeye aliyeliomba! Sasa ati roboti inatisha wazee. Ripoti inaitwa Tiba ya Kesho, na mimi nimeanza kuichukia hiyo kesho yenyewe. Lakini nitavumilia. Akiridhika, kazi zote za ofisi yake zitakuja kwangu, niachane na programu za mazishi, vile vijitabu vya ibada vyenye picha ya marehemu mbele. Hapa Migori kila wiki ni marehemu, marehemu. Sumeya, mwenye hili duka la uchapaji, ananicheka. "Wafu ndio wanatulisha, Joash. Usiwatukane."

Jumatano, 5 Novemba
Nimempata! Mellen, mhudumu wa afya kule Uriri. Yuko kwenye picha ya ukurasa wa ndani, anampima mzee presha na simu inampelekea daktari majibu. Mzee hataki kuwekwa mbele, kwa hiyo nimemwomba Mellen picha yake peke yake. Ametuma ya kanisani, anatabasamu. Nimeiweka katikati, nikaizungushia zambarau. Mochama anasema hapo sasa nimefika. Mbona haikuwa hivyo tangu mwanzo?

Alhamisi, 6 Novemba
Sampuli ya jalada iko kaunta, kila anayeingia aione. Najisifu, ndiyo.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimechoka na dunia. Jana mama mmoja wa Uriri alikuja kuchukua programu ya mazishi ya shemeji yake, akaona sampuli. Hakuuliza kitu. Alipofika nyumbani akatangaza kwamba Mellen ametutoka. Leo asubuhi shangazi yake ametoka Kendu Bay akilia njia nzima — akamkuta Mellen anafua nguo. Majirani walishaleta sukari na majani ya chai ya matanga.

Mellen amenipigia. Hakufoka, na hilo ndilo limeniuma. "Mgonjwa wangu wa sukari amenifungia mlango. Anasema hawezi pimwa na mtu ameshaliliwa."

Nimelitazama lile jalada upya. Zambarau. Uso ndani ya duara la yai. Jina chini yake. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulijiendea kwa mazoea ya programu za mazishi. Sumeya amecheka hadi akafuta machozi. Naye alilipita siku mbili bila kuona kitu.

Jumatatu, 10 Novemba
Mochama anasema chapisha tu, mkutano wa kuzindua ripoti ni Alhamisi, huo ni ushirikina. Rahisi kwake! Si yeye anayefungiwa mlango. Nikikataa, kazi imeenda. Nikikubali, Mellen atampima nani?

Nilishaamua kumwondoa. Kisha akaja mwenyewe dukani. Wateja wawili walimtazama miguu kwanza, wahakikishe si mzimu. Hataki nimtoe. "Ukinitoa watasema ni kweli nilikufa. Niache hapo hapo, lakini nikae kama mtu aliye hai."

Nimempiga picha mpya mlangoni. Nimeondoa duara. Nimeweka kijani, nikaitoa, nikaweka manjano. Jina nimelipeleka juu, likarudi chini, sijui limerudije. Ninaandika huku mashine ikitoa sampuli nyingine. Simu inaita, ni Mochama, sijaishika.

Mellen ameichukua karatasi ikiwa bado na joto. Ameisogeza mbali na macho, aione kama mtu anayepita barabarani.

"Bado," anasema. "Hapa bado nimekufa. Jaribu tena."