Keekee ya Betri

Chilangala, Newala
6 Oktoba 1996

Mwanangu Nurdini,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, ila kiwiko changu cha kulia kinauma hata kushika kikombe. Mdogo wako Faidha mzima, mdomo wake umekuwa kama wa marehemu mama yenu.

Sasa sikiliza. Mjomba wako Halfani alikuja na wazee wa upande wa mama yenu. Wamesema mke amekufa, basi nitoke kwenye kiwanja chao nihamie kwangu. Sawa, ndiyo mila yetu, mume huishi kwao mke na watoto ni wa ukoo wa mama. Faidha wataniachia kama nyumba yangu itakuwa na milango kabla ya mvua. Mtoto wa kike halali nyumba wazi, hapo siwalaumu.

Mbao za mkongo ninazo, lakini mkongo ni mgumu, bila kutobolewa skrubu haiingii, na keekee ya mkono siwezi tena kuizungusha. Nasikia siku hizi Masasi kila kitu kipo, hata keekee ya betri. Nimeuza korosho zangu zote kwa mnunuzi binafsi, fedha anakuletea Dunstan wa lori. Wewe upo duka la vifaa, nichagulie. Usichague kwa rangi.

Baba yako

Masasi
19 Oktoba 1996

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na kiwiko. Fedha zimefika.

Dukani zipo mbili. Moja ya njano, mpya, nyepesi, ya Dubai, kila mteja anaishikashika. Niliijaribu kwenye kipande cha mkongo, tundu la pili ikaanza kunuka moshi. Tajiri akanifokea, nikamwambia baba yangu hajengi kwa maboksi. Ya pili mtumba, nzito, imekwaruzika, lakini ni volti kumi na mbili na ina betri mbili. Imetoboa matundu kumi na moja bila kusita. Nimechukua hiyo na biti zake za kutobolea. Betri moja ikiisha, fundi redio wa Newala ana jenereta, ataichaji huku unatumia nyingine.

Ijumaa naileta mwenyewe.

Mwanao

Chilangala
5 Novemba 1996

Mwanangu,

Hujambo? Nakuuliza kwa kuwa nina wasiwasi. Nilikungoja Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata. Mbao nimeshazipima. Mawingu yameanza. Kama unaumwa sema, nije.

Baba yako

Masasi
16 Novemba 1996

Baba,

Shikamoo. Siumwi.

Nilishuka Newala Ijumaa ileile. Nisingeweza kumpita mjomba bila kumwamkia, ndiye aliyenitia jandoni, na tangu nianze kazi sijampelekea kitu. Akauliza mbele za watu, mpwa wangu umenijia na nini? Nikaona aibu. Nikampa keekee aishike tu, aiombee dua, niendelee na safari. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema leo mpwa amenikumbuka. Baraza zima likasoma dua. Baba, hapo ningesemaje si yake?

Nilirudi Masasi. Tajiri hataki kunikopesha nyingine. Nisamehe. Labda wewe umweleze mjomba, wewe mtu mzima, atakusikia.

Mwanao

Chilangala
22 Desemba 1996

Nurdini,

Hii ananiandikia jirani, Isabela; zile za kwanza aliniandikia Faidha. Yako pia alinisomea yeye. Alipofika kwenye dua alidai mwandiko haueleweki, kisha akamaliza.

Sikwenda kwa Halfani. Shemeji hadai kitu kilichokwisha kuombewa dua barazani. Unalijua, ndiyo maana ukanituma mimi.

Nilipigilia bawaba kwa misumari. Miimo yote ya milango ikapasuka. Mvua ilianza Jumatatu, Alhamisi Halfani akaja na wazee, wakakuta nimening'iniza mikeka. Hakunitukana. Alisema, "Shemeji, tulikubaliana." Faidha aling'ang'ania nguzo. Vidole vyake nilivibandua mwenyewe, sikutaka wavibandue wao.

Huko kwa mjomba wako analala chumba chenye mlango mzuri. Halfani ametoboa miimo yake kwa ile mashine, na anakusifu kwa kila mtu. Kweli ulichagua vizuri.

Mimi nina uchungu na wewe na sitaki kuuficha. Mfungo unakaribia. Ukija huku, futuru kwa mjomba wako.

Awadhi