Sikio la Ng'ombe Wetu Limefika New York

Carrollton, Texas, Alhamisi, Mei 2006

Joto limeanza mapema mwaka huu, na mgongo unaniuma kwa kupakia vigae tangu asubuhi. Lakini leo uchovu siuoni.

Naserian amezungumza!

Huyu ni mdogo wangu. Yuko New York kwenye mkutano wa dunia wa jamii za wenyeji asilia. Alikuja na jambo moja tu: ranchi iliyozungushia waya malisho yetu ya kiangazi kule Samburu. Jana na juzi alikaa na hotuba yake mkononi, muda ukaisha kabla hajaitwa. Kesho anarudi nyumbani.

Asubuhi alinipigia, akasema Wasami wamemwita. Ni wafugaji wa Ulaya ya kaskazini, wanafuga kulungu kwenye theluji. Mikutano hii wameizoea, wanajua inavyokwenda. Nikamuuliza, wazungu watajua nini kuhusu waya wa Samburu?

"Kaka, tulia," akacheka. "Hata wao wanakata masikio."

Mama mmoja wa Kisami alikunja karatasi, akaikata kwa mkasi, akamwonyesha alama ya masikio ya mifugo ya familia yake. Naserian naye akakata ya kwetu: ncha imeondolewa, pengo upande wa mbele. Yule mama akaiangalia sana, kisha akauliza habari za malisho. Walikuwa na hotuba ya pamoja, na zamu yao ilikuwa karibu. Wakamwambia aongeze maneno yake, aisome yeye.

Ameisoma. Ameutaja ule waya, na mjumbe wa serikali yetu ameketi pale pale, anaandika.

Ujumbe wake uliponifikia godauni nilipiga yowe. Nikakata kipande cha boksi kwa kisu cha kazi, sikio la ng'ombe wetu kabisa, nikakibandika kwenye fokolifti, mashine yangu ya kuinulia mizigo. Ilunga, Mkongo ninayepakia naye, akakikagua.

"Ndugu, panya wa Texas wanakula mpaka boksi?"

Nilimweleza hadi akaomba msamaha.

Mchana nikampigia mama. Alishangilia, kisha akauliza kama ng'ombe sasa wapite.

Bado, mama.

"Basi mwambie asinyamaze."

Mama amemtaja Naserian peke yake, lakini maneno hayo nimeshinda nayo. Waya ule ni wangu pia, na New York mimi niko karibu kuliko yeye.

Mwakani, nani atanizuia kukaa kando yake mkutanoni?