Kivuli Nilichokiondoa

Mukurweini,
9 Septemba, 1976.

Binti yangu mpendwa Warigia, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima na upendo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Nanyuki, na kwamba kazi ya uuguzi haikulemei. Mimi ni mzima, ila magoti yanalalamika asubuhi.

Jumamosi nilikwenda Chaka kutafuta mbegu za viazi, nikakukuta sokoni ukifundisha watu habari za ngozi na jua. Niwie radhi kwamba nilisimama nyuma bila kujitokeza. Nilikutazama na kofia yako pana, nikajivuna kuliko inavyomfaa Mkristo. Mama mmoja muuza viazi alikutania, akiuliza ati hata jua nalo lina ubaguzi kama hoteli za zamani za Wazungu. Ulicheka kabla ya wote, ukamjibu kwamba jua ni moja, ngozi ndizo mbalimbali: yake ina rangi inayomkinga kiasi, ingawa nayo huweza kuumia, ya Mzungu huungua upesi, na yako, uliyozaliwa nayo bila rangi, huungua upesi zaidi, hata siku ya mawingu, maana huku kwetu juu miale ni mikali. Yule mama akaacha mzaha, akauliza kofia kama hiyo inapatikana wapi, kwa ajili ya mjukuu wake.

Kisha ukasema kwamba ngozi isiyo na rangi haizoei jua kamwe, na kila kuungua huongeza madhara. Hapo nilishika nguzo ya kibanda.

Mwanangu, tangu ulipokatwa kile kidonda cha sikio umemlaumu mama yako kwa kukuanika juani utotoni. Hukuja hata kumzika. Si yeye; ni mimi. Nilikuwa mtunza kitalu cha kahawa, na miche tuliikomaza kwa kuipunguzia kivuli kidogo kidogo. Niliamini mtoto naye atakomaa hivyo. Mama yako alikufunika kwa leso, nami nikaifunua. Nilimwamuru akutoe nje kila siku, akakutoa akilia. Ulipoanza kumlaumu alinikataza kukueleza, akisema ni afadhali umchukie mmoja wetu kuliko wote wawili. Nami, kwa woga, nilikubali.

Sithubutu kuomba msamaha. Naomba tu uje kaburini kwake, hapa nyumbani. Ukipenda, siku hiyo nitakwenda Ruring'u kwa kaka yako Wahome, usilazimike kuniona. Ufunguo utaupata kwa jirani yetu Monicah, ambaye anakusalimu sana.

Mungu akulinde.

Ni mimi baba yako,
Gicheru