Maji Meusi Nyumbani kwa Aruna

Lubumbashi, tarehe 6 Machi 1975

Kwa Baba mpenzi, Baba Kapya, huko Kasenga,

Nakuamkia kwa heshima, Baba, pamoja na Mama. Mgongo wake unaendeleaje na mvua hizi? Sisi ni wazima wa mwili. Kunda, ndugu yangu, alinipa barua yako aliposhuka na kamyo ya samaki. Nimeisoma tena na tena, na kila nikifika pale unaponiambia nifunge vitu vyangu nimwache Aruna, naikunja.

Umeambiwa kwamba mume wangu anafuga jini ndani ya sanduku la maji meusi, kama mlivyonionya juu ya watu wa Maniema tangu siku ya posa. Sanduku lipo, Baba. Ni la vioo, refu kama meza ya kulia. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa mtaa wa Karavia, akaliacha aliporudi kwao. Ndani mna mchanga, mizizi, na majani makavu ya msuku yaliyochemshwa. Majani hayo ndiyo yanayoyatia maji rangi ya chai. Maji yenyewe ni ya mvua, kwa sababu yale ya robine, bomba la hapa mjini, yana ile chokaa inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, na samaki wa kwanza walikufa wote. Hawa wa sasa ni wadogo kama kucha, wana mstari wa buluu. Wametoka kwetu, kwenye kijito cheusi nyuma ya shamba lako. Kunda aliwaleta ndani ya bidoni, lile dumu la maji, muulize.

Shida ilianza pale Ngalula, mtoto wa jirani yetu, alipoingia kuchungulia, na kesho yake akashikwa na homa. Nani hapa hashikwi na homa wakati wa mvua? Lakini baba yake, Chomba, alikuja na fimbo ya chuma, nusu ya mtaa nyuma yake. Alipiga kelele kwamba maji yale yanamla mtoto wake, akauliza ni ya nani. Mimi nilikuwa mbele ya kioo. Aruna akanisogeza kando, akasema: “Iko yangu. Bibi yangu hayue kintu.” Chomba akamwamuru ayanywe. Aruna alichota kikombe, akakinywa chote huku akimtazama usoni. Waliondoka, ila si kwa amani.

Mtoto amepona kwa vidonge vya hospitali, sasa anakula bukari vizuri. Unadhani ilisaidia? Wanasema Aruna aliogopa, ndiyo maana amemwachilia mtoto. Hakuna anayemletea tena nguo za kushona. Hata mama yake mzazi Aruna hapiti kwetu, kwa aibu iliyolipata jina la ukoo. Na Chomba ameapa kwamba Jumapili ikitukuta hapa, atavunja sanduku na cherehani pamoja.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Sanduku ni langu, Baba. Yule Mzungu alinipa mimi, nilipokuwa nikimfulia nguo. Mimi nilimwagiza Kunda, mimi nilichemsha majani. Nilikikumbuka kile kijito, nikatamani kukiona kila siku, basi. Aruna hata harufu yake haipendi. Alipojibu kabla yangu, alijua mimi ningeitwa nani: mwanamke wa miaka sita ya ndoa bila mtoto, mwenye maji yanayokula watoto wa wenzake. Akaona afadhali yeye aitwe mfuga majini. Nami nikanyamaza, na naona haya mpaka leo.

Nikimaliza kuandika nakwenda kwa Chomba kumwambia mwenye maji ni nani. Aruna hajui, angenizuia. Naogopa sana, Baba, lakini nakwenda. Wewe kama bado unasema mwenye maji yale aachwe, basi usiniandikie mimi tena. Mwandikie Aruna, maana ni yeye wa kuniacha.

Mpe Mama mkono wangu, na shangazi wa Lukafu akifika mwambie namkumbuka. Mungu awalinde wote nyumbani.

Ni mimi binti yako,
Nkandu