Spritz Isiyo na Mvinyo

Baba yangu mpenzi,

Ungeniona jana ungecheka mpaka kofia ikudondoke. Mimi, bintiyo wa madrasa, nimesimama jikoni kwetu hapa Uchina, mtaa wa Xiaobei, natengeneza spritz, kile kinywaji cha kileo cha Waitaliano!

Sijapotoka, usihofu huko uliko, Mungu akuweke pema. Ni kwa ajili ya mkweo Salim. Tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo hapa Guangzhou, chakula kilimkataa. Nilimpikia uji, pilau, hata samaki wa kupaka. Anapeleka kijiko mdomoni, anakirudisha. "Roho yanichafuka, Zuhura. Ondoa." Daktari alishasema wazi kwamba asipoanza kula, atarudishwa kulazwa. Nguo zikawa zinamning'inia, nami najifungia bafuni nalia.

Ndipo nikakukumbuka wewe na kaunta yako kule hotelini Malindi. Unajaza barafu mpaka juu, unamimina mvinyo wa povu sehemu tatu, kile kileo chekundu kichungu sehemu mbili, soda moja, kisha kipande cha chungwa na tunda moja la zeituni. Mgeni akichoka na uchungu, unamgeuzia kwa sharubati ya maua na majani ya mnanaa. Miaka yote ile hukuonja hata tone, ulipima kwa pua tu. "Hiki si cha kulewa," ulituambia, "ni cha kuamsha njaa." Jumapili ulitutengenezea yetu ya ukwaju na soda, kwenye glasi za mama za wageni, naye akilalamika, "Watoto hawa hawashibi, nawe wawazidishia njaa?" Nacheka peke yangu nikiandika haya. Nina hamu nawe, baba.

Basi nikajaribu. Ya kwanza niliweka maji ya zabibu badala ya mvinyo, ikawa tamu kama sharubati ya harusini. Salim akaisukuma. Ukwaju sikuwa nao. Nikashuka mtaani kwa mama mmoja wa Kichina anayeuza chai ya mitishamba, ile nyeusi chungu wanayokunywa wenyeji kupoza mwili. "Laoban!" nikamwita, kama tunavyomwita kila mwenye duka hapa, nikamwonyesha kikombe kikubwa. Akanipa na plamu ya chumvi ya kukatia uchungu. Daktari nilimpigia kwanza, akasema anywe kidogo kidogo.

Nikaichemsha chai na sukari mpaka ikawa nzito. Barafu tele, chai, maji ya machungwa, soda juu, na ile plamu nikaizamisha mahali pa zeituni. Hiyo hata wewe ungeinywa.

Salim akaonja, akakunja uso. "Wataka kuniua, mke wangu?" Akaonja tena. Glasi ilipofika nusu, akainua kichwa.

"Umepika nini leo?"

Nilikimbia, baba, nusura nianguke. Ulikuwa wali na mchuzi wa kuku. Alikula, akapumzika, akala tena, akakomba sahani kwa kidole. Kisha akanikaripia kwamba mchuzi haukukolea chumvi. Tangu anipose, sijawahi kufurahia kukaripiwa namna ile.

Pumzika, baba. Leo nami nitalala.

Ni mimi,
Kifunguamimba wako