Saa Inayonukia Machipuko

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako halikusumbui tena unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu baridi ilipoanza. Sikuwa mgonjwa, wala sikununa. Kuna swali nimeulizwa ambalo linataka ndiyo au la, na nilijua nikishika kalamu tu nitalazimika kukwambia. Nitalifikia. Nivumilie kwanza, maana lilianza na manukato.

Binti yetu, yule mpwa wetu asiyetulia, amekigeuza chumba changu cha uani kuwa mahali pa kuchanganyia manukato. Meza niliyokuwa nikisahihishia madaftari sasa imejaa vichupa na vikaratasi vya kunusia. Mwenye duka mmoja alimwagiza manukato ya majira ya machipuko: mepesi, yenye harufu ya maua na matunda, lakini yadumu kutwa. Binti akachagua pichi, tufaha bichi na yasmini, kisha akaniomba nimsaidie. Nilimjibu kwamba mtu wa umri wangu akinukia sabuni inatosha. Akacheka, akasema ndiyo sababu ananitaka mimi, kwa kuwa pua yangu haijawahi kuharibiwa na manukato ya mtu.

Kazi yenyewe ina utaratibu, na hilo lilinivutia. Karatasi hudanganya, manukato hupimwa juu ya ngozi ya mtu aliye katika shughuli zake. Kila asubuhi alikuja akanipaka kwenye kifundo cha mkono, nami nikafunga saa yangu juu yake, nikaenda zangu. Jioni nilitoa hukumu, na hukumu ilikuwa ile ile: yamekwisha. Asubuhi nilinukia bustani, adhuhuri nilinukia mimi. Mtoto akaanza kukonda.

Katikati ya hayo saa ikasimama, ile ya mkanda wa ngozi niliyopewa nilipostaafu ualimu. Nikaipeleka kwa fundi saa wa mtaani kwetu, aliyefiwa na mke zamani, mwenye miwani moja machoni na nyingine kichwani. Watu humwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hajawahi kuonekana akiharakisha jambo. Akaniambia nirudi baada ya juma moja. Niliporudi, kipuri kilikuwa hakijafika. Nikarudi tena, kipuri kiko njiani. Hapo nilimwambia wazi kwamba hata kama kinakuja kwa miguu, kingekuwa kimekwisha kufika. Alicheka mpaka miwani ya kichwani ikadondoka, akanivutia kiti, tukazungumza hadi akafunga duka. Ikawa hivyo kila nilipokwenda kuulizia.

Nilipomsimulia binti, alinitazama kwa jicho la pembeni, akauliza ni kipuri gani hicho. Akaenda mwenyewe. Alirudi na saa ikitembea vizuri, pamoja na habari kwamba ilikuwa imepona tangu juma la kwanza. Fundi alipobanwa alikiri kwamba kila akifungua droo mkanda ulinukia vizuri mno, na kwamba akiirudisha saa, mimi sitakuwa na sababu ya kurudi.

Nilikasirika, dada. Lakini binti alikuwa amekwisha kuuweka mkanda puani, na sasa alikuwa akipiga kelele nyumba nzima. Manukato yaliyokimbia mkononi mwangu yalikuwa yamejificha kwenye ngozi ya mkanda, na pichi na yasmini yake, mapya kama ya asubuhi. Akakimbilia mezani, akatia tone la harufu ya ngozi chini ya yale maua. Siku hiyo jua lilizama nikiwa bado nanukia bustani. Mwenye duka ameyachukua yote, na anataka mengine.

Sasa lile swali. Nilikwenda kumkemea fundi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, nawe unanijua nikipanga maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, akakubali kosa, kisha akaniuliza kama nitakubali anioe, ili asilazimike tena kuficha saa za watu. Akaongeza kwamba nisijibu upesi, yeye hana haraka. Mimi, niliyezoea kujibiwa papo hapo, niliinuka nikaelekea mlangoni. Nilitoka nikasahau mwavuli.

Binti amekwisha kuchagua nguo atakayovaa. Mimi naogopa. Nimezoea kikombe kimoja mezani na dirisha ninalolifunga nitakapo. Naogopa pia kuchekwa. Hata hivyo, najipaka manukato hata siku ambazo hakuna cha kupima.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Jana nimeirudisha saa kwa fundi. Nimemwambia inachelewa. Haichelewi, dada.

Msalimie sana shemeji, na umwambie asicheke kwa sauti. Nimetia tone kwenye kona ya karatasi hii; linuse kabla hujanishauri. Nitakuandikia mara nitakapoamua. Fundi amesema nirudi baada ya juma moja, lakini ameniangalia kwa namna ambayo sote wawili tunajua kipuri hakitafika.

Mdogo wako,
yule mliyekuwa mkimwita Rula