Jogoo wa Mnada

Jumapili, 3 Agosti
Misa, matangazo, kisha mnada wa sadaka nje ya kanisa, kama kawaida. Mayai, mapapai, mkungu wa ndizi. Jogoo nimemchukua mimi! Mama Teddy, mwenzangu wa kwaya, kapandisha, nami nikapandisha. Ishirini. Thelathini. Vigelegele. Nilipotaja elfu hamsini akanyamaza. Raha hiyo! Nimerudi nyumbani Mlandege na jogoo kwapani, shingo juu, mimi na yeye.

Jumatatu, 4 Agosti
Ile hamsini ilikuwa ya upatu. Nilijua. Nilijua tangu nafungua pochi.
Ijumaa Bi Zuwena, kijumbe wetu, anapita kukusanya. Zamu hii anapokea Salama, jirani yangu wa dukani, anunue friji la kuuzia juisi. Tupo wanawake kumi, Mkristo mimi peke yangu, na miaka mitatu sijakosa hata mara moja. Nikikosa, Salama friji hana, na mimi jina sina.
Jogoo anawika tangu alfajiri. Mpumbavu yeye na aliyemnunua.

Jumanne, 5 Agosti
Mume wangu Daudi kacheka mpaka kajishika mbavu. Kisha kaniuliza nna kiasi gani. Elfu nne. Hakucheka tena.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshika simu nikope. Mkopo wa simu huja upesi, na riba yake nshaionja mwaka jana. Nikaiweka chini.
Nikaenda kwa Padri, Mbweni. Nilitaraji anisifu kidogo, maana pesa si imeingia kanisani? Wapi.
"Sadaka haitoki mfukoni mwa mwenzio, binti yangu."
Kanambia nimwendee Bi Zuwena kabla hajanijia yeye. Nimeona haya. Haya hasa, kwa sababu nilitaka kumshinda Mama Teddy tu. Mungu nilimsingizia.

Alhamisi, 7 Agosti
Asubuhi kwa Bi Zuwena. Shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Nilidhani atanuna. Kauliza huyo jogoo mnene? Nikamwambia mnene, lakini ajue katoka kanisani.
"Kwani kabatizwa? Mlete."
Kanipa thelathini, bei ya sokoni, shilingi ya huruma hakuongeza. Na kanambia wazi: angeyasikia kwa mtu mwengine, upatuni ningetoka. Nimemheshimu zaidi kwa hilo.
Thelathini na nne yangu. Bado kumi na sita. Nimekaa kwenye cherehani mchana kutwa, foronya za nyumba ya wageni, wamelipa papo hapo. Mgongo hauna hali. Nimeimba tenzi zote nnazozijua, na nyengine nimezibuni.

Ijumaa, 8 Agosti
Hamsini kamili mkononi mwa Bi Zuwena, kabla ya sala ya Ijumaa. Salama kapokea zake mbele yetu sote, kalia, kacheka, kalia tena. Jioni friji likaja, likakwama mlangoni, tukalisukuma wanawake sita huku tunagombana. Bi Zuwena hakugusia jogoo. Wenzangu hawajui kitu. Nimecheka leo kuliko wiki nzima.

Jumapili, 10 Agosti
Misa. Kapu la sadaka limepita. Mama Teddy katia noti nyekundu ya elfu kumi, nimeiona.
Mimi nimetia elfu moja, imechakaa. Ilikuwa yangu.